Uzi: Kisu kimoja cha kuwindia cha kazi zote, kitakachodumu. Tukague nini kabla ya kutoa hela?

Kinoo

Wakuu, habari za jioni.

Swali la kisu cha kuwindia linarudi kila mara, na majibu huwa majina ya kampuni tu. Naweka hapa namna ya kukikagua kisu chenyewe, uwe umekikuta Kariakoo, umeagiza nje au umechongewa na mhunzi. Mwenye zaidi aongeze, aliyeona kosa asahihishe.

Kwanza kazi yenyewe. Kisu hiki hakiui mnyama na hakipasui kuni. Kinapasua tumbo bila kutoboa utumbo, kinachuna, kinatenganisha viungo, kinakata nyama. Kuanzia digidigi hadi kuro, bapa la sentimita 9 hadi 12 linamaliza kazi zote hizo. Likiwa fupi zaidi utahangaika kwenye mapaja ya mnyama mkubwa. Likiwa refu zaidi, ncha inakaa mbali na kidole chako cha shahada, na wakati wa kukata koromeo mkono uko ndani ya kifua usikoona kitu. Hapo ndipo watu wanapojikata mkono wa pili.

Unene mgongoni: milimita 3, ukizidi sana 4. Wengi wanachagua cha milimita 6 wakiamini unene ndio uimara, wakafika porini wakagundua wamebeba patasi. Tena unene wa mgongo si wa kwanza kuangalia. Angalia unene wa nyuma ya makali, pale mteremko wa bapa unapokutana na makali yenyewe. Hapo panatakiwa kama nusu milimita. Pakifika milimita 1, noa utakavyonoa, kitabana ndani ya nyama tu.

Umbo: mgongo ushuke taratibu mpaka kwenye ncha, ncha isiinuke. Sababu ni hii: unapopasua tumbo unageuza makali juu, kwa hiyo mgongo ndio unaotazama utumbo. Mgongo ulioshuka unaiondoa ncha kwenye utumbo. Ncha iliyoinuka kama ya jambia inachimba, na utumbo ukitoboka au kibofu kikipasuka, nyama ya eneo lile imeharibika. Ile ndoano ya mgongoni ya kupasulia tumbo achana nayo: inajaa manyoya na mafuta, na kuinoa unahitaji tupa nyembamba ya duara.

Mkia wa chuma ndani ya mpini: kwa kisu kimoja cha kazi zote, taka unaopita mpaka mwisho wa mpini kwa upana wake wote. Utauona mstari wa chuma ukizunguka katikati ya vipande viwili vya mpini. Mkia uliofichwa si ubovu wenyewe. Visu vya kampuni ya Mora ya Uswidi vingi viko hivyo na vinadumu. Ubovu ni ule mkia mwembamba kama msumari uliochomelewa kwenye bapa, ukazibwa na mpini mnene. Shika bapa kwa kitambaa, pindisha mpini kushoto na kulia. Ukisikia hata mchezo mdogo, rudisha.

Tupa Bapa

Mkuu Kinoo umefungua vizuri. Naongezea chuma.

Kisu kilichoandikwa tu kwamba hakishiki kutu, bila jina la chuma, hakijakuambia kitu. Kwenye visu vya Kichina jina linajisomea: 3Cr13 ina kaboni karibu asilimia 0.3 na kromiamu 13. 5Cr15MoV kaboni 0.5, 8Cr13MoV kaboni 0.8. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu. 3Cr13 iache kwenye kisu cha mkate. 8Cr13MoV ni kisu cha kazi tayari. Ukikuta 440 bila herufi, chukulia ni 440A, yenye kaboni 0.60 hadi 0.75, 440C inaanzia 0.95.

Kwa hewa ya Dar ningechagua 12C27 au 14C28N kabla ya vyuma vingi vyenye majina makubwa. Ya kwanza ina kaboni 0.6 na kromiamu 13.5. Ya pili imeongezewa naitrojeni, inastahimili kutu zaidi bila kupoteza ugumu. Zote zinanoleka kwa jiwe la kawaida. D2 inasifiwa sana, na ni kweli inashika makali muda mrefu, lakini sehemu kubwa ya kromiamu yake ya asilimia 12 imefungwa na kaboni, haibaki ya kuzuia kutu. Kwenye upepo wa bahari utaona madoa. S30V na wenzake wanaotengenezwa kwa unga wa chuma wanataka bamba la almasi la kunolea. Kama huna, usinunue.

Sasa, jina la chuma ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi kilivyochomwa, yaani kilivyopashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu. Kampuni ya visu ya Buck wanatumia 420HC, chuma cha kaboni chini ya asilimia 0.5, na kwa kuwa kinachomwa vizuri kinafika ugumu wa HRC 58 (HRC ni kipimo cha ugumu cha Rockwell, namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi) na kinafanya kazi kuliko chuma ghali kilichochomwa ovyo. Tafuta HRC 57 hadi 59.

Vipimo viwili vya kufanya mwenyewe:

Sumaku. Chuma chochote cha kisu kilichokubali kugumu kinanasa sumaku, hata kile kisichoshika kutu. Sumaku ikiteleza tu kwenye bapa, hicho ni chuma cha sufuria. Hakigumu hata ukichome vipi.

Fito ya shaba ya njano, unene wa milimita 6. Ibane kwenye jiriwa, laza makali juu yake kwa nyuzi kama 15, kandamiza mpaka uone makali yanainuka kidogo upande wa pili. Taa iwe mbele yako ili mng'ao ukuonyeshe. Sogeza kisu taratibu. Makali yakirudi yalipokuwa, kimechomwa sawasawa. Yakibaki yamejikunja ni laini, yakimeguka ni kigumu kupita kiasi. Muuzaji hatakuruhusu kufanya hivi dukani, kwa hiyo kifanye siku ya kwanza nyumbani risiti ikiwa bado mfukoni.

Mgeni wa Pori

Shukrani wakuu, nimeelewa mengi. Nina maswali mawili. Kuna fundi Gerezani anatengeneza visu kwa springi ya Fuso. Je, vinafaa au nitafute cha dukani? La pili, makazi ni Kigamboni karibu kabisa na bahari, kutu itakuwaje?

Tupa Bapa

Springi ni chuma kizuri sana cha kisu, ndugu yangu. Springi za malori ya Kijapani mara nyingi ni SUP9, kaboni kati ya 0.5 na 0.6 pamoja na manganizi na kromiamu. Haivunjiki ovyo. Ila kuna mambo matatu yanayoharibu visu vya springi, na yote yako mikononi mwa fundi.

La kwanza, springi iliyochakaa ina nyufa zisizoonekana kwa macho. Mwambie akate kwenye sehemu iliyokaa bapa karibu na ncha, mbali na tundu la katikati, maana karibu na tundu ndipo inapochoka. Akishasafisha kwa msasa, apake mafuta ya taa, apanguse, kisha apake chokaa. Penye ufa mafuta yatachora mstari kwenye chokaa.

La pili ni kupoza. Wengi wanachovya kwenye maji kwa sababu kisu kinatoka kigumu kweli, lakini chuma hiki kwenye maji kinapasuka, au kinabaki na ufa wa unywele utakaofunguka siku ya kazi. Kinatakiwa kipashwe mpaka sumaku isishike tena, hapo ni kama nyuzi joto 770, kiongezwe kidogo mpaka kama 830, halafu kichovywe kwenye mafuta yaliyopashwa nyuzi 50 au 60, ncha ikitangulia, kikiwa kimesimama wima. Kikilazwa ubavu kinapinda.

La tatu ndilo linalorukwa zaidi. Kikitoka kwenye mafuta kisu ni kama chupa, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Lazima kipashwe tena nyuzi 200 kwa saa 2, kipoe, kirudiwe saa 2 nyingine. Jiko la kuokea mikate linatosha. Fundi akikwambia hatua hiyo haina haja, usimwachie kazi.

Kutu: springi itashika kutu, hilo halikwepeki. Kigamboni, ukikiacha na damu mchana mmoja kimeshabadilika rangi. Unaweza kukipa ngozi ya kujikinga kwa kukilowesha siki ya moto dakika 10 hadi 15, kukisugua na kurudia mara tatu mpaka kiwe kijivu sawasawa. Hiyo inapunguza, haizuii. Kama hujazoea kupangusa kisu kila baada ya kukitumia, nunua 12C27 ulale usingizi.

Machinjioni

Wakuu naomba niingie, kuna kitu mnapita juu juu.

Kinachoua makali si nyama, ni vumbi. Ngiri anagaagaa kwenye tope mchana kutwa, mchanga uko mpaka kwenye shina la nywele. Ukikata ngozi kutoka nje kwenda ndani, unasaga mchanga kwa makali yako. Toboa tundu dogo, ingiza ncha chini ya ngozi, geuza makali yatazame nje, pasua ukitokea ndani. Nywele zinaachana zenyewe na nyama inabaki safi. Mtu anayepasua hivyo anamaliza mnyama mzima kwa kisu cha kawaida, na anayekata kutoka nje atalaumu chuma.

Na mifupa. Mguu wa mbele haujaungana na kifua kwa mfupa wowote, umeshikwa na misuli tu. Uinue, pitisha kisu kati ya bega na mbavu, unatoka wote. Paja la nyuma lifungue mpaka uone kikombe cha nyonga, kata kano iliyo ndani yake. Kichwa kinatoka kwenye kiungo cha kwanza cha shingo. Sehemu inayobaki ni mfupa wa nyonga: kwa mnyama mchanga katikati pana gegedu, kisu kinapita; kwa aliyekomaa tumia msumeno mdogo. Kisu kinachogongwa kwa jiwe ili kipasue nyonga kitapoteza kipande cha makali, kiwe cha bei yoyote.

Kuchinja: kisu mnachokizungumzia kinatosha kanga na kuku. Mbuzi kinabana, na mnyama mkubwa hakifai kabisa. Anayechinja kwa utaratibu wa Kiislamu abebe kisu cha pili, bapa sentimita 20 na zaidi, makali yaliyonyooka yasiyo na pengo hata moja, ili koromeo, umio na mishipa ya damu vikatike bila mnyama kuteseka. Kinolewe kabla, mbali na macho ya mnyama. Na hicho kisitumike kuchunia.

Hapo kwenye HRC 58 sikubaliani na Tupa Bapa. Visu vya buchani kama vya Victorinox viko kwenye 55 au 56 kwa makusudi. Makali yakilala, unapitisha kwenye kifimbo cha chuma mara nne tano na kazi inaendelea. Cha 59 makali yake yakishaisha, kifimbo kinateleza tu.

Kinoo

Mkuu Machinjioni, elimu kubwa hiyo, hasa ya kukata ukitokea ndani.

Kwenye ugumu, wewe una meza, maji na kifimbo ukutani, unarekebisha makali kila baada ya dakika chache. Porini mtu anataka amalize mnyama mmoja, pengine wawili, kabla hajatoa jiwe. Ndiyo maana 57 au 58. Ila nakubali kwamba anayejua kifimbo ahesabu kisu cha buchani cha sentimita 15 kama chaguo halali kabisa. Kasoro yake ni ubapa mwembamba unaonesa kwenye viungo na ala ambayo haipo.

Kuhusu kunoa, naomba tulisikie vizuri wote. Kisu kizuri Dar kinauawa na grenda. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi linapasha makali, na makali ni membamba kuliko sehemu yoyote, hayana pa kupeleka joto. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya majani makavu, joto limeshafika nyuzi 200 na kitu. Ukiona buluu, limefika karibu 300 na ugumu pale umeshaondoka. Baada ya hapo kisu kinakata siku mbili, kinabutuka, kinarudishwa kwa fundi, kinachomwa tena. Mwenye kisu anasema chuma kibaya. Chuma hakikuwa kibaya.

Noa kwa mkono. Jiwe la namba 400 kwa makali yaliyokufa, 1000 kwa kazi ya kila siku, mkanda wa ngozi mwisho. Kwa kisu cha upana wa milimita 26, ukiinua mgongo milimita 9 kutoka kwenye jiwe umepata nyuzi 20, na hiyo inatosha kuwinda. Paka makali wino wa maka pen, piga mara mbili, angalia. Wino ukitoka juu karibu na mteremko tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ukingo tu, umeinua mno. Endelea upande mmoja mpaka kidole gumba, kikisukumwa kutoka mgongoni kwenda nje, kiguse kijimkunjo cha chuma upande wa pili, kuanzia shikioni mpaka ncha. Kisipotokea urefu wote hujamaliza, usigeuze. Ukigeuza mapema ndipo watu wanaponoa saa nzima bila kitu.

Mpingo Mweusi

Mpini haujaguswa.

Watu wengi wakisikia mti mgumu wanataka mpingo, na vipande vinapatikana kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Ni mzuri kwa macho na hauli maji, lakini una tabia zake. Ukiwa haujakauka vizuri unapasuka miezi kadhaa baada ya kazi kuisha. Una mafuta yake ya asili, gundi haishiki. Kwaruza upande wa gundi kwa msasa namba 80, pangusa kwa asetoni, paka gundi ya epoksi ya mirija miwili ndani ya dakika chache kabla mafuta hayajarudi juu. Usibane kwa nguvu mpaka gundi yote ikatoka. Ribiti za shaba za milimita 5 zipite bila kugongwa, kwa sababu mpingo ukigongwa unafunguka kwenye ribiti. Na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, fundi avae barakoa.

Kwa kisu cha kazi mimi nasema mninga. Haujikunji wala kuvimba sana ukipita kwenye maji na jua, ni mwepesi, unashika gundi. Urefu wa mpini sentimita 11 hadi 12, tumbo kidogo katikati, na mbele kuwe na kizuizi cha kidole, kwa sababu mkono wenye damu na mafuta unateleza kuelekea makali. Usiung'arishe kwa vanishi, utateleza zaidi; msasa namba 320 na mafuta ya kitani yaliyochemshwa vinatosha.

Ala ya ngozi: iwe iliyotengenezwa kwa maganda ya miti kama miwati. Ngozi laini za viatu na mikoba mara nyingi zimetengenezwa kwa chumvi za kromiamu, na zinakula chuma. Kati ya kurasa mbili za ala kuwe na ukanda wa tatu wa ngozi pembeni, upande wa makali, la sivyo kisu kitakata uzi wa mshono ndani ya wiki chache. Ala ni ya kubebea tu, nyumbani kisu kikae nje yake. Kwa huyu ndugu wa Kigamboni, ala ya plastiki yenye tundu la maji chini ni bora zaidi, ila aisuuze mchanga.

Machinjioni

Nikamilishe usafi. Osha kwa maji ya kawaida na sabuni kwanza, ya moto baadaye, maana maji ya moto yanaigandisha damu kwenye mshono wa mpini. Maji ya klorini yanachimba vishimo hata kwenye chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo ukitumia suuza mara moja. Kausha mpaka kwenye kona ya kizuizi. Kisha paka parafini ya kimiminika, ile ya duka la dawa inayotumiwa kwa tumbo, haina harufu na haidhuru chakula. Mafuta ya alizeti yanageuka gundi.

La mwisho: mnyama mliyemkuta amekufa, hasa akiwa na damu nyeusi isiyoganda puani au kwenye njia ya haja, msimpasue. Kimeta ni hicho. Ukifungua mzoga, vimelea vyake vinapata hewa na kutengeneza mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi, na kuosha kisu kwa sabuni hakuziui. Toeni taarifa kwa askari wa wanyamapori au daktari wa mifugo.

Mgeni wa Pori

Nimeridhika. Ninaenda na fundi wa springi, kupangusa si shida. Nimwandikie nini ili asikosee? Na kuna karatasi yoyote ya kubeba?

Kinoo

Karatasi ni leseni ya uwindaji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila hiyo. Ukipanda ndege, kisu kiende kwenye mzigo wa chini.

Mwandikie hivi: bapa sentimita 10.5, upana milimita 26, mgongo milimita 3.2, mteremko uanzie mgongoni mpaka kwenye makali, unene nyuma ya makali milimita 0.5. Mwambie aache milimita 1 kwenye makali mpaka kisu kimalize kuchovywa na kupashwa tena, ndipo apunguze, akichovya kwenye ndoo ya maji kila anapogusa jiwe. Makali yakiwa membamba mapema yanajikunja kwenye mafuta. Mkia upana wote, mpini mninga sentimita 11.5, ribiti tatu za shaba, tundu la kamba nyuma. Kona ya mkia na bapa iwe ya mviringo, isiwe kona kali ya msumeno, maana visu vingi vya mhunzi vinavunjikia pale pale.

Siku ya kukijaribu, mpini ukiwa bado haujagandishwa, beba kamba ya katani ya milimita 10 na gogo la mti laini. Kata vipande 50, kwa kukandamiza, sehemu ile ile ya makali. Kisha pitisha sehemu hiyo kwenye karatasi ya gazeti. Ikipita bila kuchana, agandishe mpini na umlipe kilichobaki. Ikichana, angalia makali kwenye mwanga: mstari mweupe unaong'aa ni makali yaliyolala, hapo mwombe akipashe na kukichovya upya kabla mpini haujagandishwa. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba mtajaribu kamba kabla ya gundi.